Chekeche Namba Kumi na Nane

Nimekifunga kikopo kwa leso, kisha kwa gazeti,
nikakilaza kapuni chini ya ndizi mshare,
ili Mama Kisali wa genge la Kiboriloni
akiniuliza nabeba nini, nimjibu ndizi.
Mkojo wa alfajiri. Nesi alisema usiumwage.
Nilicheka. Miaka hamsini na tisa naumwaga,
hakuna aliyewahi kuniomba.

Ulikuwa na povu.
Kwetu povu husifiwa. Mbege isiyo na povu
Eliamringi hairudishi kwa maneno:
anaweka kata chini, anatazama pembeni.
Basi nilipoliona limekaa chooni,
linakataa kuondoka hata kwa maji ya ndoo,
nilidhani ni sabuni.
Miezi minne nilidhani ni sabuni.

Kijana wa maabara, Ndekirwa,
alichovya kijiti, akahesabu kimoyomoyo,
midomo ikimcheza kama ya anayesali rozari.
Njano ikawa kijani.
Akaandika alama mbili za kujumlisha.

Mwanangu, nilitaka kumwambia,
nimekaa kiwanda cha kahawa miaka thelathini na mmoja,
vidole hivi vimechambua buni mpaka kucha zikageuka rangi.
Kule alama ikijirudia ni neema:
AA, ile inayobaki juu ya chekeche namba kumi na nane,
inayopanda meli kabla sisi hatujaionja.
Na hizi zako mbili, je?
Sikuuliza. Alikuwa anafuta meza.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
figo ni chekeche, mama.
Damu inapita, taka zinashuka,
protini inabaki juu kwa kuwa ni kubwa, kwa kuwa ni mali.
Presha ikisukuma siku nyingi, matundu yanalegea.
Hapo, nikamwambia, usinifundishe.
Nimeliona chekeche lililochoka,
waya umeachia pembeni, kidogo tu, jicho halioni,
na buni njema inadondoka pamoja na vipande.
Mashine haipigi kelele.
Inatikisika vilevile, na sisi tunaimba vilevile,
mpaka siku ya mizani.

Nesi Haikaeli akanizungushia utepe kiunoni
kama fundi anayepima gauni la kipaimara.
Sentimita mia moja na nne.
Akasoma sukari, akasoma mafuta ya damu,
akasema haya hutembea pamoja,
ukiliona moja mlangoni, chungulia nyuma yake.
Kama wageni wa matanga, nikasema.
Hakucheka.
Presha mia moja sabini na nane kwa mia moja na mbili.
Na vidonge, mama, unameza?

Nameza siku kichwa kikiuma.
Vingine nilimpa shemeji.

Babu alilinda mfongo kule Kirua.
Maji yakizidi, yakila kingo,
hakusimama shambani kuyatukana.
Alipanda usiku, na taa ya chemli, mpaka kwenye banio,
akapunguza.
Sisi watoto tuliamka tukakuta migomba imesimama,
hatukujua kama kulikuwa na usiku.

Jioni nimepika mtori.
Kijiko cha chumvi nimekishika juu ya sufuria
mpaka mkono ukapata mvuke,
nikakirudisha koponi, kimejaa robo yake.
Eliamringi akaonja.
Akaweka bakuli chini, akatazama pembeni.

Wacha atazame.
Na yeye viatu vinambana jioni siku hizi,
na yeye hulaumu sabuni.
Kapuni, chini ya maganda ya ndizi,
kuna kikopo kingine, kikavu, kifuniko chekundu.
Niliomba viwili.